Konokono wa Fundi Plasta

Kliniki ile ya meno ilikuwa na vyumba vinne, lakini mgonjwa yeyote aliyewahi kupita pale angekuapia kwamba ni vitatu: cha kungojea, cha kiti, na choo. Cha nne kilikuwa nyuma ya choo, na humo alikaa mtu aliyetengeneza karibu kila kitu ambacho wagonjwa waliondoka nacho mdomoni. Waliomjua walimwita Plasta, kwa sababu ya vumbi jeupe lililomganda kwenye nyusi tangu ujana wake na ambalo halikutoka hata siku ya harusi. Wasiomjua walimwita "yule wa nyuma", pale walipokumbuka kumwita.

Plasta hakuona wagonjwa. Aliona meno tu. Daktari akishamjaza mtu mdomo ule ujiuji wa waridi unaoganda kama uji uliosahauliwa jikoni, alama za meno zililetwa nyuma kwenye kisahani. Plasta alizimiminia plasta, akasubiri, akabandua, na mezani akabaki na taya mbili nyeupe zikimkenulia. Miaka ishirini na mbili ya kukenuliwa ilimfundisha kusoma. Akigeuza sanamu ya meno mara mbili kwenye mwanga wa dirisha, angekwambia mwenye meno hayo anavyoishi.

"Huyu anatafuna kalamu, upande wa kulia," alisema peke yake, huku brashi ya rangi aliyofutia vumbi ikiwa imening'inia mdomoni. "Huyu anakula kucha. Huyu analala kinywa wazi kama sanduku la barua. Na huyu, Mungu amsaidie, anafungulia soda kwa gego."

Aliowapenda zaidi ni vijana wa miaka kumi na tatu hadi kumi na saba. Mtu mzima dhambi zake keshaziziba, keshang'oa mashahidi. Kijana bado anatembea na ushahidi wote kwenye ufizi.

Kwa kazi hiyo yote, shukrani zilikwenda mbele. Ukuta wa chumba cha kungojea ulijaa kadi: Asante Daktari, Mungu akubariki Daktari, Tabasamu langu ni lako Daktari. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, mwenye sauti ya pamba na vidole vyembamba ambavyo, kwa maoni ya Plasta, havingeweza kukunja hata waya wa kuning'inizia nguo. Waliomletea daktari chokoleti hawakujua kuwa kuna mtu wa nyuma. Boksi lilifika nyuma siku ya tatu, likiwa limebaki na zile zenye karanga ambazo hakuna aliyezitaka, na Plasta alizila zote kwa hasira, moja baada ya nyingine, akiwa hapendi karanga.

Wivu wake haukuwa na kelele. Ulikuwa wa kukaa, kama kuvu ukutani: ukiufuta leo, kesho umeamka kabla yako. Kisasi chake pekee kilikuwa konokono. Waya wowote wa kushikia meno sharti uishie na kipindo kidogo ili ncha isimchome mtu. Mafundi wengine hupinda mara moja wakaacha. Plasta alizungusha mara moja na nusu, kikatokea kiduara kama gamba la konokono, kidogo kuliko punje ya mtama. Hakikuwa na kazi yoyote. Kilikuwa sahihi yake, na kilikuwa kinatembea mjini kwenye mamia ya vinywa bila mtu kujua.

Nyumbani nako alikunja. Kulabu za vikombe, kulabu za taulo, kishikio cha kichujio cha chai, antena ya redio: kila ncha ya waya ndani ya nyumba ile iliishia na konokono. Mkewe alikuwa muuguzi wa zahanati ya wajawazito, na alisema aliolewa na mtu ambaye akikosa waya atakunja mkia wa paka.

Walikuwa na binti mmoja, wa miaka kumi na mitano, ambaye bibi yake alimpa jina la Wakili kwa sababu alizaliwa analalamika. Wakili alikuwa na akili, ulimi, na kidole gumba cha kushoto. Kidole hicho alikinyonya tangu tumboni. Mama yake alikiona kwenye kipimo, akadhani ni kitu cha kuchekesha. Kwa miaka kumi Plasta alipigana nacho. Alikipaka shubiri. Alikipaka pilipili, na matokeo yake mtoto hadi leo hali chakula kisicho na pilipili. Alikivalisha soksi. Mtoto alipofika miaka sita akakimiminia plasta halisi, ya kazini, nene kama gunzi. Wakili akaenda nacho shuleni, akawaambia wenzake amevunjika, akahurumiwa wiki nzima, na wiki hiyo akanyonya cha kulia.

Na kila dawa ilikuja na hotuba. Plasta alileta sanamu za meno mezani na kuonyesha kwa uma: tazama kaakaa lilivyopanda juu kama paa la kanisa, tazama meno ya mbele yalivyofunguka kama mlango, unataka kuwa hivi? Wakili alisikiliza kwa heshima zote, kisha akaenda chumbani kunyonya.

Alipofika miaka kumi na mitatu ugomvi ukaisha. Binti alianza kufunga mlango wa chumba, akaanza kuongea na baba yake kwa midomo iliyobanwa, na akicheka aliweka kiganja mbele ya uso. Plasta alijua vijana huwa hivyo, wanawadharau wazazi hadi wapate njaa. Kidole hakukiona tena. Akajipongeza. Akawatangazia watu kazini kwamba kwake tabia hiyo ilikufa, na kwamba siri ni msimamo wa baba.

Siku moja ikaletwa namba thelathini na saba.

Kliniki ile iliandika wagonjwa kwa namba, kwa hiyo Plasta hakujua zaidi ya hapo. Alibandua plasta, akageuza sanamu kwenye dirisha, akapiga mluzi. Kaakaa lilikuwa jembamba na refu. Meno ya juu yalichomoza mbele, ya chini yalilala ndani, na hata magego yakikutana, penseli nzima ilipita katikati bila kugusa jino. Alijaribu kwa penseli yake mwenyewe, ile aliyokuwa anaitafuna.

Fomu ya daktari ilisema: kibao cha kaakaa, kizimba cha waya nyuma ya meno ya mbele ili kidole na ulimi visipate pa kukaa, rangi zambarau yenye vimeta. Hiyo zambarau ilimchefua. Hizo ndizo mbwembwe za daktari, aliwaza, kumchagulisha mtoto rangi kama anachagua pipi, halafu apendwe. Akachukua kipande cha karatasi akaandika, kama alivyoandika mara nyingi bila kujibiwa:

"Kwa Daktari. Namba 37: kidole gumba cha kushoto, kila siku, miaka zaidi ya kumi. Anatafuna na kalamu. Wazazi wa mtoto huyu wamelala. Hasa baba."

Hilo la baba aliliongeza kila mara. Mama za wagonjwa aliwasikia kupitia ukuta wakiuliza maswali. Baba hakuwahi kumsikia hata mmoja.

Kibao chenyewe alikitengeneza vizuri kupita kawaida, kwa sababu mdomo ule ulikuwa mgumu na yeye alipenda ugumu. Alikipiga msasa hadi kikawa laini kama mbegu ya ukwaju. Konokono wawili, kushoto na kulia.

Jumapili iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, Wakili alikuwa anaongea kwa namna mpya. Kila "s" yake ilikuja na mate. Plasta alidhani anamwigiza mwalimu fulani. Kisha mama akasema kitu kuhusu jirani na wigi lake, Wakili akasahau kiganja, akacheka kwa kinywa kizima, na nyuma ya meno ya juu kikamulika kitu cha zambarau.

Chenye vimeta.

Plasta alishika kijiko hewani. Binti akafunga mdomo, akamwangalia mama yake, mama akaiangalia meza.

"Nimeenda kwa daktari, baba," Wakili alisema hatimaye. "Mama alinipeleka. Daktari amesema nikikivaa na nikaacha kidole, pengo litapungua, halafu baadaye niwekewe waya. Nimeshaacha. Siku ya tisa leo."

"Siku ya tisa," Plasta alirudia.

"Aliniambia mara moja tu. Wala hakupiga kelele."

Jikoni mkewe hakumngoja aanze. Alifungua kopo la majani ya chai, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akamwekea kifuani. Plasta alitambua mwandiko kabla hajaifungua. Hasa baba.

"Daktari alinisomea hiyo," alisema mkewe. "Hakujua kwamba baba anayesemwa ndiye aliyeiandika, masikini. Nilipomwambia, alicheka hadi akavua barakoa. Sasa nisikilize, mzee. Mtoto hajui kama wewe ndiye uliyetengeneza, na hatajua. Akijua ni kazi yako, kitakuwa pilipili nyingine, kitakuwa soksi nyingine, atakitoa na kukificha chini ya godoro. Mwache daktari awe daktari mpaka pengo lifunge. Ukifungua mdomo, mdomo wake hautafunga. Umeelewa?"

Alielewa. Nyani haoni kundule, na fundi aliyesoma vinywa vya mji mzima alikuwa amekula meza moja na namba thelathini na saba kwa miaka kumi na mitano, akiwa haoni kitu. Lakini aibu ilidumu nusu saa. Kilichobaki baada ya hapo ni wivu.

Kwa sababu Wakili sasa alikuwa na dini mpya. Daktari kasema tusitafune barafu. Daktari kasema anayeuma kucha anajichongea meno ya mbele kama panya. Daktari kampa kalenda ya nyota, na kila siku bila kidole nyota moja, na kalenda ikabandikwa sebuleni, palepale ilipokuwa picha ya harusi. Mambo yaleyale, neno kwa neno, ambayo Plasta aliyasema kwa uma mkononi tangu mtoto ana miaka mitano! Alikaa kwenye kiti chake akisikiliza hotuba zake mwenyewe zikirudi nyumbani zimevaa koti jeupe.

Ubaya zaidi ulikuwa mikono.

"Ungeiona kazi hii, baba," Wakili alisema siku moja, akakitoa kibao, akakisuuza, akakigeuza kwenye mwanga. "Hakuna panapokwaruza. Daktari ana mikono, yule mwanamke."

"Waya huo," Plasta alisema taratibu, kama mtu anayevuka barabara, "huwa unakunjwa na nani?"

"Daktari."

"Yeye mwenyewe? Kwa koleo?"

"Sasa nani mwingine?"

Mkewe alikohoa kutoka jikoni. Plasta akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Huko duniani wanaume huonea wivu gari la jirani, shamba la kaka, mke wa rafiki. Yeye alikuwa amefika mahali pa kuionea wivu mikono yake mwenyewe, na hakuwa na wa kumwambia.

Pengo lilipungua. Wakili alilipima kila Jumapili mbele ya wote: mwanzoni penseli ilipita, kisha penseli ikakwama, ikapita njiti ya kiberiti. Plasta alifurahi kama baba na kuungua kama fundi, kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule wa kifua kilekile.

Mwezi wa tatu kibao kililetwa kazini kukazwa. Plasta alikaa nacho. Akashika koleo, na shetani wake, ambaye naye alikuwa na vumbi kwenye nyusi, akamnong'oneza: upana wa unywele mmoja tu. Ukipinda waya unywele mmoja kwenda ndani, utambana kidogo. Atalalamika. Atasema daktari siku hizi ameharibika. Hataumia, ataudhika tu. Plasta akapinda. Unywele mmoja. Akakivika kwenye sanamu ya meno ya binti yake, akaona waya ukikaa juu ya ufizi wa plasta, kwenye lile gego dogo ambalo alilikumbuka lilipoota, kwa sababu mtoto alilia siku mbili na yeye akambeba siku zote mbili.

Akaurudisha. Akaupima mara nne. Akakitia kwenye boksi na kuandika: "Tayari."

Tangu siku hiyo shavu likaanza kumuuma. Asubuhi taya liliamka limechoka kama lililala linabeba mizigo. Chai ya moto ilimchoma, maji baridi yalimchoma, hata kuvuta hewa wakati wa kusifiwa daktari kulimchoma. Alijinunulia dawa ya kichwa. Mganga hajigangi, na huyu hata hakujitazama.

Mwezi wa nne, Jumamosi asubuhi, kliniki ilifungwa kwa sababu daktari alikwenda harusini. Plasta alikuwa anasoma gazeti. Wakili alitoka chumbani, akasimama mbele yake, akaweka kibao cha zambarau katikati ya habari za michezo. Waya wa kushoto ulikuwa umekatika.

"Nilitafuna kalamu nikiwa nacho," alisema. "Nimekosa. Tengeneza."

"Mimi?"

"Nani mwingine, baba?"

Plasta aligeuka kumtafuta mkewe, kwa jinsi mtuhumiwa anavyomtafuta shahidi. Mkewe alikuwa mlangoni na kikombe, na kwa uso wake ilionekana wazi kwamba hata yeye hili hakulijua.

"Mpigie daktari," Plasta alisema. "Si ndiye mwenye mikono?"

Wakili alikwenda ukutani, akatoa taulo lake kwenye kulabu, akabaki ameshika ncha ya kulabu kwa kidole, kidole gumba, cha kushoto. Kilikuwa kimenenepa tangu kipate uhuru.

"Siku ya kwanza kabisa," alisema, "daktari aliponiwekea, ulimi wangu ulikwenda pale mwisho wa waya, ukakuta hiki. Nimeoga na hiki kitu tangu nazaliwa, baba. Nimekunywa chai chini ya hiki kitu. Ulidhani ulimi wangu ni mjinga?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Kwenye kiti palepale."

"Na hukusema."

"Ningesema, ungeanza: nilikwambia mimi, nilikwambia mimi. Ningekitoa siku hiyohiyo."

Plasta alitaka kubisha. Alipekua moyoni kutafuta baba ambaye asingeanza na nilikwambia, hakumpata.

"Lakini yale ya kila siku," alisema. "Daktari ana mikono. Daktari ana mikono. Yale yalikuwa nini?"

"Nilikuwa naisifu mikono," Wakili alisema. "Jina ndilo nililikosea makusudi. Wewe umenitesa na pilipili miaka kumi. Nami nimekutesa miezi minne tu, na ulikuwa unaosha vyombo vizuri sana."

Mama alicheka hadi chai ikamwagika. Plasta hakucheka. Alileta mkoba wake wa kazi, akakata waya mpya, akakunja mezani mbele ya binti aliyesimama kumwangalia kwa mara ya kwanza maishani. Alipofika mwisho alisita: mara moja, au mara moja na nusu?

"Maliza," Wakili alisema.

Akamalizia. Akamwambia aume, afungue, aume. Njiti ya kiberiti haikupita tena. Kadi ya kliniki ilipita, kwa shida. Plasta akainama kutazama zaidi, na binti naye, akiwa usawa huo, akatazama.

"Na wewe fungua."

"Nini?"

"Fungua, baba. Aa." Alimshika kidevu kama anavyoshikwa mbuzi sokoni. "Mama, njoo uone. Chonge zake zimeisha ncha. Zimelala kama meza. Na hapa mbele pana pengo la brashi anayoing'ata. Huyu anasaga meno."

"Jumapili akisinzia pale kwenye kochi," mama alisema, "mimi huwa nadhani ni panya."

"Tangu lini, baba?"

Plasta alifikiri kusema tangu zamani. Lakini kinywa kilikuwa wazi, na ushahidi wote ulikuwa nje.

"Tangu ile kalenda ya nyota," alisema.

Jumatatu alikaa kwenye kile kiti, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili. Wakili alikaa pembeni na sare za shule, kama mzazi. Daktari alimjaza ujiuji wa waridi hadi kooni, na alipohakikisha hawezi kujibu, akainama na ile sauti yake ya pamba akasema: "Kwa hiyo wewe ndiye yule baba aliyelala." Plasta akatoa sauti. Hakuna aliyeielewa, na pengine ni heri.

Saa moja baadaye alikuwa chumba cha nyuma, sanamu ya meno yake mwenyewe mkononi, akiigeuza kwenye dirisha. Aliisoma kimyakimya. Ilikuwa na habari nyingi na hakuna hata moja iliyompendeza. Kisha akafungua fomu. Ilisema: kibao laini cha kulalia, ili meno yasisagane. Rangi: zambarau yenye vimeta, imechaguliwa na binti wa mgonjwa.

Ndani ya fomu kulikuwa na kadi iliyokuwa ibandikwe ukutani mbele. Wakili aliiandika kwa herufi kubwa na kuipitisha nyuma kwanza ili aione: Asante Daktari, na asante baba yangu wa chumba cha nyuma, aliyekunja waya.

Plasta aliisoma mara tatu. Macho yakamlengalenga, akayafuta, akajiongezea vumbi. Kisha akaisoma mara ya nne, polepole, akaona aliyetangulia kutajwa ni nani.

Akang'ata penseli. Akakumbuka, akaitoa.